Mwongozo Kamili wa Tiba ya Muda Mrefu ya Uvimbe wa Retina kwa Mgonjwa wa Mombasa

Wagonjwa wengi wa uvimbe wa retina, utando unaopokea mwanga nyuma ya jicho, hukwama mahali pamoja. Ukungu ukishaondoka machoni na maandishi ya gazeti yakianza kusomeka, dawa huwekwa kando. Wiki chache baadaye uvimbe hurudi, na kila unaporudi unaweza kuacha kovu ambalo hakuna dawa ya kulifuta.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye daktari bingwa wa macho amekwisha kumthibitishia kwamba retina yake, au koroidi, tabaka la mishipa ya damu lililo nyuma yake, imevimba kwa sababu kinga ya mwili wake mwenyewe inaishambulia. Maradhi ya aina hii ni nadra. Ugonjwa wa Vogt-Koyanagi-Harada hushambulia chembe zenye rangi katika macho, masikio, ngozi na utando wa ubongo. Ugonjwa wa Behçet huathiri mishipa ya damu ya retina. Ule uitwao birdshot huwapata hasa watu wenye asili ya Ulaya, na karibu wote huwa na alama ya kurithi iitwayo HLA-A29. Majina ni tofauti, lakini njia ya tiba ya miaka inafanana kwa kiasi kikubwa, na njia hiyo ndiyo tunayoifuata hapa. Dozi zilizotajwa ni za kukusaidia kuelewa karatasi uliyoandikiwa, haziibadilishi.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kaunta buku moja la jalada gumu, liwe la macho tu.
- Kisanduku cha vidonge chenye vyumba saba na kalenda ya ukutani.
- Karatasi ya miraba yenye nukta katikati, ile ya Amsler; iombe kliniki.
- Mashine ya kupima presha ya mkono. Mwenye sukari awe pia na kipimo cha sukari.
- Miwani ya jua iliyo nyeusi vya kutosha, na kofia au mtandio.
- Kadi ndogo ya kukaa pamoja na kitambulisho, imeandikwa: «Natumia prednisoloni kila siku. Isikatizwe ghafla.»
- Neti ya mbu isiyo na matundu.
- Mtu mmoja wa nyumbani anayejua dawa zako kwa majina.
- Kwa atakayetumia sindano: friji, kikasha cha baridi na kipimajoto cha friji.

Daftari ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Mgonjwa wa Pwani huweza kuanzia hospitali ya Coast General, akapigiwa picha ya retina kwingineko, kisha akaonwa na bingwa mwingine Kwale. Mafaili hayasafiri pamoja naye, na daktari asiyejua dozi ya mwezi uliopita hulazimika kukisia.

## Hatua ya 1: Vijidudu vitafutwe kwanza

Kabla ya kuanza dawa ya kushusha kinga, hakikisha umepimwa kifua kikuu, kaswende, HIV na homa ya ini aina ya B, na kwamba daktari ameuzingatia uwezekano wa toksoplasma, kimelea kinachoweza kuishambulia retina. Sababu ni mbili. Kwanza, kaswende, kifua kikuu na toksoplasma huweza kuivimbisha retina kwa sura inayofanana kabisa na ugonjwa wa kinga, na steroidi, yaani dawa za kuzima uvimbe kama prednisoloni, zikitumiwa peke yake huyachochea. Pili, kifua kikuu au homa ya ini iliyolala mwilini huweza kuamka kinga inaposhushwa.

Kwa watu wa Pwani nitaongeza jambo ambalo husahaulika: minyoo ya strongiloidesi. Mnyoo huu huingia kupitia ngozi ya mguu unaokanyaga udongo peku, na unaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Chini ya dozi kubwa ya steroidi huzaana na kusambaa hadi kwenye mapafu, na huua. Mwambie daktari kama umekulia shambani au unalima, ili akupime au akupe ivermektini mapema.

Onyo: vipimo hivi si sababu ya kukaa nyumbani wiki tatu ukisubiri majibu huku uoni unazama. Katika shambulio kali la Vogt-Koyanagi-Harada, ambapo maji hujikusanya chini ya retina za macho yote mawili, damu hutolewa na tiba huanza karibu kwa pamoja, daktari akijua anachokihatarisha.

Umefanikiwa ikiwa kila jibu limeandikwa daftarini pamoja na tarehe yake.

## Hatua ya 2: Prednisoloni, kila asubuhi baada ya chakula

Tiba nyingi huanza na prednisoloni ya takribani miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Katika hali kali hutanguliwa na methiloprednisoloni ya mshipani, gramu 1 kwa siku kwa siku tatu. Hii ndiyo dawa inayozima moto kwa haraka.

Meza dozi yote asubuhi, baada ya kifungua kinywa. Mwili hutoa homoni yake ya steroidi kwa wingi alfajiri, kwa hiyo dozi ya asubuhi hufuata mkondo huo, na dozi ya usiku humnyima mtu usingizi. Chakula hulinda tumbo. Epuka kununua diklofenaki au aibuprofeni dukani kwa ajili ya maumivu ya mgongo, kwa kuwa pamoja na steroidi huongeza hatari ya vidonda vya tumbo.

Njaa itakuja, na itakuwa kali. Uso huweza kuviringika, presha na sukari kupanda, na mifupa kupungua nguvu. Punguza chumvi, hasa papa na ng'onda waliokaushwa kwa chumvi, na punguza sukari ya chai na mahamri ya asubuhi. Ongeza maziwa na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na umuulize daktari kuhusu kalisi na vitamini D. Pima presha mara mbili kwa wiki.

Onyo kubwa liko hapa. Ukitumia dozi hii kwa zaidi ya wiki tatu, tezi zinazotengeneza steroidi ya mwili husinzia. Ukikatiza ghafla, mwili hubaki bila steroidi yoyote: nguvu huisha, presha hushuka, kutapika huanza, na mtu huweza kufa. Kwa hiyo ukitapika na kushindwa kubakisha kidonge tumboni, nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaonyeshe kadi yako, kwani utahitaji haidrokotisoni ya sindano. Usingoje kesho.

## Hatua ya 3: Shuka ngazi, usiruke

Hapa ndipo wengi hupotea. Retina haina neva za maumivu. Jicho laweza kuonekana jeupe na tulivu, na mwenyewe akasema anaona vizuri, ilhali picha ya tabaka za retina, yaani OCT, au picha ya rangi ya mishipa ikaonyesha kwamba uvimbe bado unaendelea. Dozi hupunguzwa kwa kile kilichoonekana kwenye picha. Hisia zako zina nafasi katika tiba, lakini si nafasi hii.

Mpangilio ambao madaktari wengi huufuata ni huu. Dozi iliyo juu ya miligramu 40 kwa siku hupunguzwa kwa 10 kila wiki moja au mbili. Kati ya 40 na 20 hupunguzwa kwa 5, na kati ya 20 na 10 kwa 2.5, kwa mwendo huo huo. Chini ya 10 hupunguzwa kwa 1 hadi 2.5, na kila ngazi huweza kuchukua hadi wiki nne. Angalia jinsi mwendo unavyozidi kuwa wa polepole kadiri dozi inavyokuwa ndogo. Kutoka 50 hadi 40 umepunguza moja ya tano tu. Kutoka 5 hadi 2.5 umepunguza nusu nzima.

Vidonge vinavyopatikana kwa urahisi ni vya miligramu 5, na vile vya kawaida hukatwa nusu kupata 2.5. Vile vilivyofunikwa utando wa kulinda tumbo havikatwi. Kazi ya kukata ifanywe na mwenye macho mazuri, mara moja kwa wiki, siku ya kujaza kisanduku.

Kwa Vogt-Koyanagi-Harada, steroidi haimalizwi kabla ya miezi sita, hata kama uoni umerudi wote mwezi wa pili. Wanaomaliza mapema ndio hasa huingia katika uvimbe sugu unaorudi rudi.

Umefanikiwa ikiwa umefika miligramu 7.5 au chini yake katika takribani miezi mitatu, na picha bado ni tulivu. Ikiwa kila ukikaribia 10 uvimbe unarudi, usijilaumu na usijiongezee dozi kimya kimya: hiyo ni ishara kwamba unahitaji dawa ya pili, au dozi kubwa zaidi ya dawa hiyo ya pili ikiwa tayari unaitumia.

## Hatua ya 4: Dawa ya pili, na hatari ya kidonge cha wiki

Prednisoloni haiwezi kubebwa kwa dozi kubwa miaka mingi bila kuleta mtoto wa jicho, presha ya jicho na mifupa inayovunjika. Ndiyo maana huongezwa methotreksati, mikofenolati au azathioprini, mara nyingi mapema kabisa. Dawa hizi ni za polepole na huweza kuchukua miezi miwili hadi sita kuonyesha nguvu zake zote. Mgonjwa anayesema mwezi wa kwanza kwamba «haifanyi kazi» ameihukumu kabla haijaanza.

Wapo wanaonung'unika kwamba wamepewa methotreksati kwa sababu ni rahisi kwa bei. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliowahusisha wagonjwa 216 katika India, Marekani, Australia, Saudi Arabia na Meksiko, uliilinganisha na mikofenolati kwa uvimbe wa nyuma ya jicho, na haukuonyesha kwamba mikofenolati ni bora. Bei ya chini ni faida ya kushukuriwa, hasa katika tiba ya miaka.

Sasa sikiliza kwa makini. Methotreksati humezwa mara moja kwa wiki. Si kila siku. Watu wamekufa kwa kuimeza kila siku kama vidonge vingine. Fanya hivi:

1. Chagua siku moja, kwa mfano Jumamosi baada ya chakula cha usiku, na uiandike jina lake kamili juu ya pakiti kwa kalamu nene.
2. Usiiweke methotreksati katika kisanduku cha vyumba saba. Ikae peke yake, mbali na watoto, na wewe uichukue siku yake tu.
3. Kila ukinunua upya, soma nguvu ya kidonge. Kuna vya miligramu 2.5 na vya 10, na vinaweza kufanana sana. Vidonge sita vya 2.5 ni miligramu 15. Sita vya 10 ni 60.
4. Meza asidi ya foliki siku nyingine uliyoandikiwa, tuseme Jumanne. Hupunguza vidonda vya mdomo na kichefuchefu.
5. Ukimaliza, weka alama kwenye kalenda papo hapo.

Usichanganye methotreksati na Septrin. Septrin hutolewa kwa urahisi sana kwa kikohozi na kuharisha, na zikikutana huweza kuzima uboho unaotengeneza damu. Anayetumia azathioprini ajihadhari na alopurinoli, dawa ya jongo, kwa sababu kama hiyo. Mnazi na pombe nyingine yoyote viachwe, maana ini lina kazi ya kutosha.

Neno moja kuhusu habasoda, vidonge vya «kuongeza kinga» na asali ya kutia jichoni. Unatibiwa kwa kushusha kinga. Kitu kinachodai kuipandisha kinafanya kazi kinyume chako, na kitu kisicho safi hakitiwi jichoni kabisa.

## Hatua ya 5: Damu kwa ratiba

Hesabu kamili ya damu, ini na figo hupimwa kila wiki mbili mwanzoni, kisha kila mwezi, na hali ikitulia kila wiki 8 hadi 12. Chembe nyeupe zinaweza kushuka na ini kuwaka bila dalili yoyote.

Usingoje tarehe ya kipimo ukiona vidonda mdomoni, michubuko isiyo na sababu, macho ya manjano, au kikohozi kikavu na pumzi fupi. Homa nayo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Hapa Pwani kila homa huitwa malaria, na huenda ikawa ni hiyo. Lakini kwa aliyeshushwa kinga, kipimo cha malaria kifuatane na hesabu ya damu hata kama cha kwanza kimeonyesha malaria.

## Hatua ya 6: Pima macho nyumbani, moja moja

Kila Jumapili asubuhi, mahali pale pale penye mwanga mzuri, vaa miwani yako ya kusomea. Ziba jicho la kushoto kwa kiganja bila kulibonyeza. Shika karatasi ya miraba umbali wa kusomea, tazama nukta ya katikati bila kuhama, na uangalie kama kuna mstari uliojipinda, uliokatika au uliofifia. Kisha ziba la kulia na urudie. Macho mawili yakitazama pamoja, lililo zima hufunika kasoro ya jingine.

Andika sentensi fupi. Mfano: «Jumapili, 12 Mei. Prednisoloni 12.5. Presha 128/82. Kulia sawa. Kushoto mstari wa pili juu ya nukta umejikunja upande wa pua.» Daktari ataisoma kwa sekunde kumi na kujua pa kuangalia.

Karatasi hii hupima katikati ya uoni tu. Kwa hiyo andika pia mambo ya kando: vidoa vyeusi vinavyoelea ambavyo ni vipya, vimulimuli, kushindwa kutofautisha uzi mweusi na wa buluu iliyokoza, au kujikwaa ngazini jioni. Katika birdshot hasa, rangi na uoni wa usiku huweza kuharibika wakati herufi za ubaoni bado zinasomeka zote.

Mwenye Vogt-Koyanagi-Harada aongeze masikio na ngozi: mvumo masikioni, kichwa kuuma pamoja na shingo kukakamaa, mabaka meupe, au kope zinazogeuka nyeupe.

## Hatua ya 7: Siku ya kliniki

Nenda na msindikizaji. Matone ya kupanua mboni hukaa saa kadhaa, na jua la adhuhuri la Mombasa juu ya mboni iliyopanuka humfanya mtu asione anapokanyaga. Usiendeshe gari wala pikipiki. Anayerudi Likoni ashikwe mkono kwenye mteremko wa kivuko, kwa maana ndipo watu na mikokoteni husukumana.

Meza dawa zako za asubuhi kama kawaida. Ukipigwa picha ya mishipa kwa rangi ya fluoresini, ngozi itakuwa ya manjano na mkojo wa rangi ya chungwa kwa siku moja hivi. Kunywa maji, hakuna la kuogopa.

Usitoke bila majibu matatu: uoni wa kila jicho, presha ya kila jicho, na OCT ikilinganishwa na ya awali. Presha ya jicho huweza kupandishwa na steroidi bila maumivu, na ndiyo sababu matone ya steroidi hayanunuliwi dukani kwa kuonyesha chupa ya zamani. Yale ya prednisoloni asetati yatikiswe vizuri kabla ya kutiwa, kwani dawa hutuama chini ya chupa.

## Hatua ya 8: Sindano katika mji wa joto

Dawa za vidonge zikishindwa, huweza kuongezwa adalimumabu ya chini ya ngozi: kwa mtu mzima miligramu 80 mwanzoni, 40 baada ya wiki moja, kisha 40 kila wiki mbili. Kifua kikuu kilicholala ni lazima kiwe kimetafutwa na kutibiwa kwanza.

Dawa hii hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Maelezo ya pakiti huweza kuruhusu siku 14 nje ya friji chini ya nyuzi 25, lakini nyumba nyingi za Mombasa hupita 25 hata usiku, basi usiitegemee ruhusa hiyo. Iweke rafu ya kati, si mlangoni wala karibu na barafu, kwa kuwa iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka. Ichukue dukani ndani ya kikasha cha baridi, ikitenganishwa na barafu kwa taulo. Umeme ukikatika usifungue friji, na ukirudi soma kipimajoto kabla ya kuamua.

## Hatua ya 9: Ramadhani, mimba na chanjo

Zungumza na daktari tangu Shaabani. Mwenye dozi ndogo iliyotulia huweza kumeza prednisoloni baada ya daku na methotreksati baada ya futari, akinywa maji ya kutosha usiku, kwani figo iliyokauka hushindwa kuitoa methotreksati. Mwenye dozi kubwa, sukari au figo dhaifu ana hatari ya kweli, na mgonjwa ana ruhusa ya kula. Sheikh wako atakueleza namna ya kulipa.

Methotreksati na mikofenolati hudhuru mimba. Tumia uzazi wa mpango, na ukitaka mtoto sema mapema ili dawa ibadilishwe na muda wa kusubiri upangwe. Ukigundua umeshika mimba, piga simu kliniki siku hiyo.

Chanjo hai, yaani zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ya homa ya manjano na ya surua, haziruhusiwi wakati huu. Msafiri anayedaiwa cheti cha homa ya manjano aombe barua ya daktari ya msamaha. Zile za sindano za mafua na nimonia si hai, na zinafaa.

## Hatua ya 10: Kuacha dawa

Steroidi huondoka kwanza. Dawa ya pili hubaki, na madaktari wengi hungoja takribani miaka miwili ya utulivu bila steroidi ndipo waanze kuipunguza, nayo kwa ngazi. Kabla ya kukubali, uliza kama OCT, picha za mishipa na, kwa birdshot, kipimo cha umeme wa retina vyote vimekubaliana.

Dawa ikishaisha, miadi na karatasi ya miraba ya Jumapili huendelea. Mstari ukijipinda tena, nenda kliniki bila kugusa vidonge vya prednisoloni vilivyobaki kabatini: dozi ya kujipa mwenyewe huweza kuufifisha uvimbe kabla haujapigwa picha, na daktari akabaki hana cha kupimia tiba mpya.